Shemeji Yupi?

"Gari la nani hili?"

Trafiki aliuliza akiwa ameinama dirishani, leseni yangu mkononi mwake. Ilikuwa saa mbili asubuhi imepita kidogo, Naliendele, nje kidogo ya Mtwara, tumeshaiacha nyuma, jua halijaanza ukali. Ndani ya Noah tulikuwa watu wanane, pamoja na vikapu, kanga mpya ambazo hazijatolewa lebo, gunia la mchele na sufuria mbili kubwa za kuazima.

"La shemeji yangu, afande."

Sikusita hata kidogo. Jibu hilo nilikabidhiwa jana yake jioni na mwenye gari, pamoja na ufunguo. Afande akanirudishia leseni, akatutakia safari njema.

Tulikwenda kama kilometa mbili hakuna aliyesema neno, na hao walikuwa watu waliotoka mjini wakiimba. Kisha Mama, aliyekaa nyuma ya kiti changu, akauliza kwa sauti ya chini:

"Baba, shemeji yupi?"

Nina dada mmoja tu. Mumewe tulimzika Liwale, mwaka wa tatu huu. Dada mwenyewe alikuwa kiti cha nyuma kabisa, na safari ile ilikuwa ya kwenda Newala kumtoa mwanawe jandoni.

Sikumjibu Mama.

Hii ni wiki ya saba, na swali lake bado naamka nalo.

## Ufunguo na maneno yake

Watu wa Kusini siwaelezi mwanzo wa mwezi wa saba, msimu wa shughuli za jando, ulivyo. Kila chenye magurudumu kimeshawekewa oda. Mimi ndiye mjomba, na kwetu mjomba haulizwi kama ana nafasi, anaulizwa watu wataondoka saa ngapi. Baba wa mtoto hayupo, kwa hiyo mzigo uliokuwa wa watu wawili ulikuwa wangu peke yangu, na nilitaka uonekane umebebwa vizuri. Sikutaka Mama ashushwe na vikapu vyake stendi ya Newala, halafu tuanze kutafuta bodaboda za kutupeleka kijijini.

Nilipiga simu mbili tatu. Kampuni moja iliyo upande wa uwanja wa ndege, ambayo wateja wake wengi ni watu wa gesi na wageni wa miradi, ilinitajia 250,000 kwa siku, dereva wao, mafuta juu yangu. Siku nne ni milioni moja, na hapo sijatia hata lita. Nikashukuru, nikakata simu. Kijana mmoja dalali pale stendi akaniambia yupo mwalimu mstaafu ana Noah safi, imekaa tu, anaitoa kwa 100,000 na unaendesha mwenyewe.

Mwalimu nilimpenda tangu anafungua geti. Gari alikuwa ameliosha kwa mikono yake. Alinionyesha kijiti cha oili, akaniambia mlango wa nyuma unataka kubamizwa kidogo ndipo ushike, akaweka dumu la maji chini ya kiti kwa ajili ya rejeta. Hakuniomba kitambulisho. Karatasi haikuwepo. Nilimhesabia fedha, akazipokea bila kuzirudia kuhesabu, na mimi nikaichukua hiyo kuwa heshima. Ndipo akasema, kwa upole uleule:

"Njiani ukiulizwa, mwanangu, sema gari la shemeji yako. Ukisema umekodi watakusumbua bure."

Nikaitikia.

Namba za gari zilikuwa za njano. Leseni yangu ina miaka kumi na tano, najua kama ajuavyo dereva yeyote kwamba njano ni gari binafsi na nyeupe ni la biashara. Nilijua, ila sikuliunganisha jambo hilo na watu nitakaowapakia. Na neno shemeji mjini tunamrushia yeyote, fundi, muuza samaki, kijana wa dukani. Kwa Mwalimu lilikuwa neno jepesi. Kwangu pia, mpaka niliposikia nilivyolitamka mbele ya dada yangu.

## Vumbi la Tandahimba

Shughuli ilikwenda vizuri na sitaisimulia. Waliokuwepo walikuwepo.

Siku ya kurudi tuliongezeka. Mwali wetu, yaani huyo mpwa wangu aliyetoka jandoni, alipanda akiwa na nguo mpya, kichwa kimenyolewa kinang'aa mafuta, akapakatwa na mama yake ingawa amebakiza kidogo tu ampite urefu. Noah ina viti vinane. Tulikuwa tisa, na ninaliandika hili kwa sababu nimeshaamua kutoficha kitu.

Kutoka Mtwara lami inafika Mnivata, kilometa 50. Mbele ya hapo, kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, ni kilometa 160 ambazo tulizikuta mikononi mwa wakandarasi, zimefunguliwa vipande vipande, na kila kipande kina mchepuo wake. Wenye kuijua ile njia wanajua vumbi lake. Lori likipita mbele yako, kwa muda unakuwa huoni hata boneti yako.

Tulipoikaribia Tandahimba lori likapita. Nikapunguza mwendo, nikawasha taa. Ndani ya lile wingu nikasikia mlio upande wa kulia, kioo cha pembeni kikajikunja, na vumbi lilipotulia kijana wa bodaboda alikuwa ameketi chini kando ya pikipiki yake, anashika goti.

Goti lilichunika vibaya, hakikuvunjika kitu. Abiria hakuwa naye. Watu walijaa, kama kawaida, na kama kawaida wengine walikuwa na busara na wengine walikuwa na haraka. Nilitoka pembeni nikampigia Mwalimu.

Swali lake la kwanza lilikuwa: "Umewaambia gari la nani?"

Nikanyamaza. Yeye pia akanyamaza. Kisha nikamsikia akivuta pumzi.

"Nisamehe, mwanangu. Mko salama?"

Nimeyarudia maneno hayo mawili kichwani mara nyingi, na kila mara naona kwamba la pili ndilo lilikuwa la Mwalimu mwenyewe. Lile la kwanza lilitoka kwenye makubaliano yetu. Tulipoamua kudanganya kuhusu mwenye gari, tuliamua pia kitakachoulizwa kwanza siku mtu akianguka.

Nilimpeleka kijana kituo cha afya. Sindano ya pepopunda, kusafishwa kidonda, bandeji, dawa za maumivu, halafu taa moja ya pikipiki iliyovunjika. Vyote pamoja 85,000. Yeye mwenyewe alikiri aliingia kwenye vumbi bila kuniona, mimi nikakiri ningesimama kabisa badala ya kupunguza mwendo. Mzee mmoja wa pale akatupatanisha chini ya mkorosho, tukashikana mikono.

Kabla ya hapo, nikiwa kwenye benchi la kituo kumsubiri, nilifungua bahasha niliyoikuta kwenye dashibodi. Kadi ya gari, jina la Mwalimu. Karatasi ya bima, na kwenye sehemu ya matumizi limeandikwa kwa Kiingereza neno ambalo hata darasa la tano wanalijua: binafsi.

Nje, Mama alikuwa anamlisha mjukuu wake karanga.

## Gari la kutembelea

Nina rafiki niliyesoma naye sekondari, siku hizi anakata bima mjini. Nilimpelekea picha za zile karatasi, nikamwambia ni za ndugu mmoja. Uongo wa pili. Akacheka, kisha alipoona sicheki akaacha.

"Hii ni bima ndogo ya gari la kutembelea," alisema. "Ile ya 118,000 kwa mwaka. Mwenye gari alisema ni la kutembelea, akalipishwa ya gari la kutembelea."

"Na akilikodisha?"

"Hiyo kazi halijakatiwa."

Alinieleza taratibu, na nitajaribu kuieleza kama nilivyoielewa. Bima ndogo ndiyo ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Inamwangalia mtu wa tatu, yaani yule uliyemgonga. Gari lako lenyewe halimo, labda ukate bima kubwa, ambayo hupigwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Ila zote mbili, ndogo na kubwa, zinaandikwa kwa matumizi fulani. Gari la biashara linalobeba abiria hulipiwa zaidi, na viti vinahesabiwa, kwa sababu hatari yake ni kubwa zaidi. Gari la binafsi likipatikana linafanya kazi ya malipo, kampuni ya bima ina mlango wa kutokea.

Nikamuuliza lile lililokuwa linanikaa kooni. Je, yule kijana angevunjika mguu, na mimi nikawaambia polisi gari ni la shemeji?

"Ukisema kweli, bima inakujibu kwamba gari halikukatiwa kazi hiyo. Ukidanganya, umetoa taarifa ya uongo polisi, na siku ikibainika unarudi palepale ukiwa na kesi juu." Akaninyooshea simu yangu. "Huyo ndugu yako mwambie."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nahesabu viti. Mama, nyuma yangu. Mama mdogo pembeni yake. Wajukuu wawili wa mama mdogo. Binamu yangu na mkewe. Dada nyuma kabisa, na mwali juu ya mapaja yake. Nilipokuwa nachagua gari nilijisifu moyoni kwamba nimeokoa laki sita. Hakuna hata mmoja kati yao niliyemuuliza kama anakubali kuokolewa laki sita kwa namna ile.

Naandika haya nikijua kwamba hakuna kilichotokea. Wapo walioniambia hivyo hivyo: kijana amepona, gari limerudi, mtoto amevaa, unasumbuka na nini? Nasumbuka kwa sababu kutotokea kwake hakukutokana na lolote nililolifanya mimi.

## Mwalimu

Nilikwenda kwake Jumapili moja baada ya alasiri. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa ukali kidogo. Akaleta viti chini ya mwembe, akaleta korosho kwenye kisahani, na ukali ukaniishia.

Alilinunua lile gari kwa kiinua mgongo, akidhani litakuwa la kumpeleka shambani Nanyamba. Bei ya mafuta ikamwambia vingine. Ana watoto wawili vyuoni, na msimu wa shughuli ndio unaolipa ada ya mmoja wao. Hayo yote aliniambia bila kujitetea, kama mtu anayesoma hesabu ubaoni.

Nikamweleza ya bima. Nikamweleza ya 85,000, naye akainuka kwenda ndani kuzileta, nikamzuia. Kisha nikamweleza ya dada yangu na nilichokisema mbele yake.

Mwalimu aliweka korosho chini.

"Sikujua, mwanangu," alisema. "Wote huwa nawaambia hivyo."

Wote. Nikawaona wote hao, mwaka hadi mwaka, kila mmoja na gari la shemeji yake, na nyuma yake mama zake na watoto wake.

Baada ya muda akaniuliza hizo namba nyeupe zinaanzia wapi. Nilimwambia ninachokijua: TRA, watu wa mapato, kubadilisha matumizi ya gari kwenye usajili, bima ya biashara inayohesabu viti, LATRA, wadhibiti wa usafiri wa nchi kavu, kwa upande wa leseni ya usafirishaji. Alihesabu kwa vidole kama anavyohesabu mwalimu wa hisabati, midomo ikicheza.

"Nikilipa hayo yote, laki moja haitoshi."

Alikuwa sahihi kabisa. Na hapo ndipo nilipoielewa ile 250,000 iliyonifanya nikate simu. Nilikuwa nimeichukulia kuwa ni bei ya wazungu. Ndani yake kulikuwa na viti vya akina Mama vilivyohesabiwa, dereva mwenye daraja la leseni linaloruhusu kazi hiyo, na ruhusa ya kumwambia trafiki ukweli. Sisemi hakuna faida iliyotiwa chumvi mle ndani. Nasema nilizilinganisha bei mbili bila kuuliza kila moja imebeba nini.

Bado sina moyo wa kumhukumu Mwalimu, na sidhani nitaupata. Akina Mwalimu wote wakilaza magari yao kesho, watu wa huku watafikaje kwenye shughuli na misiba? Kata ya Reli ipo mjini kwetu mpaka leo, lakini reli ile waliyoijenga Waingereza kwa ajili ya karanga za Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, mradi wenyewe ukiwa umekufa zamani. Basi linakwenda stendi hadi stendi kwa saa zake. Msiba haungoji saa za basi. Kati ya basi na ile kampuni ya karibu na uwanja wa ndege kuna pengo, na kwenye pengo hilo amesimama mstaafu mwenye Noah safi na dumu la maji chini ya kiti. Pengo ni la kweli. Na hatari aliyonipa kuendesha nayo ni ya kweli pia. Haya mawili nimeshindwa kuyapatanisha, nimeyaacha yakae pamoja.

## Mtu anayeuliza maswali mengi

Kisha ikaja Liwale.

Kijana ametoka jandoni, lazima apelekwe kwa baba zake akaonekane. Babu yake mzaa baba yuko hai, mzee sana, ametuma salamu mara tatu. Na hii lazima ifanyike kabla ya mvua, maana kutoka Nachingwea kwenda Liwale ni zaidi ya kilometa 100 za udongo, na mvua ikishika huna njia, una matope.

Safari hii nilichagua kwa wiki mbili nzima.

Wa kwanza alinijibu kila kitu kwa neno moja. Liwale kwa gari dogo la chini? Hakuna shida. Watu sita? Hakuna shida. Bima kubwa? Ipo, hakuna shida. Nikamwomba namba ya gari, nikaiingiza kwenye mfumo wa kuhakiki bima wa TIRA, wasimamizi wa bima nchini, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua kwenye simu yake. Bima ilikuwa imekwisha miezi miwili nyuma. Nilipomwambia, akasema tutalipia kesho yake, hakuna shida. Sauti yake ilikuwa ya kirafiki sana, na miezi miwili kabla ningempa kazi kwa sababu ya sauti ile.

Wa pili alikuwa na picha nzuri za Prado kwenye mtandao. Alitaka nusu ya fedha kwanza, kwenye namba ya simu yenye jina la mtu, na jina hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote aliyonitumia. Huyo sikuendelea naye.

Wa tatu ni ofisi ndogo, chumba kimoja, meza moja, na dada mmoja nyuma ya meza. Nilikuwa nimeandika maswali yangu kwenye daftari. Sikufika hata la pili, yeye alishaanza yake.

"Mko wangapi, kaka? Kuna mzee? Ana shida ya mgongo au miguu? Mnapita Nachingwea au mna njia nyingine? Mnalala wapi Liwale, na gari litalala wapi? Mnarudi siku gani, na mkichelewa nani atanijulisha?"

Nilikereka. Nimekuja kununua, nahojiwa kama nimekuja kukopa. Kisha akaniambia kwamba mbele ya Nachingwea hawatoi gari bila dereva wao, hata kama nina leseni ya miaka mia. Nikakereka zaidi. Nikaondoka nikasema nitarudi.

Nilifika mpaka sokoni kabla sijatambua nilichokuwa nakereka nacho. Mtu yule alikuwa ameshaanza kuiona safari yetu. Alikuwa anaiona barabara, anamwona Mama na mgongo wake, analiona gari limelala Liwale usiku. Mwalimu, kwa wema wake wote, hakuniuliza hata ninakwenda wapi, na mimi nikaona hiyo ni kuaminiwa.

Nikarudi.

Gari lilikuwa Prado ya siku nyingi, namba nyeupe. 230,000 kwa siku na dereva, mafuta yangu, posho ya dereva ya kulala yangu. Siku nne kama za Newala nisingeziweza. Tukapunguza: siku tatu, watu watano badala ya tisa. Mama mdogo alinuna, akanielewa baadaye. Fedha nilikopa kikoba na nitazirudisha mpaka mwezi wa kumi na mbili, na sijutii.

Mkataba niliusoma palepale mezani, mstari kwa mstari, karibu saa nzima. Uliandikwa Kiingereza cha kisheria, na mahali pasipoeleweka nilimwomba aniambie kwa Kiswahili, na mahali ambapo hata yeye hakuelewa tulipiga simu kwa mwenye kampuni. Kipengele kimoja kilisema mteja anabeba 500,000 za kwanza za hasara yoyote kabla bima haijaanza kulipa. Nikauliza: dereva ni wenu, usukani sitaugusa, hizo laki tano ni zangu kwa kosa la nani? Alinitazama, akachukua peni, akaukata mstari ule, akaweka saini pembeni, nami nikaweka yangu. Kumbe mstari wa mkataba unakatika. Miaka yote nilidhani karatasi ya ofisini inatolewa kama ilivyo.

Nje nilizunguka gari. Tairi nilizisoma kwenye ubavu, zile tarakimu nne za mwisho kwenye kiduara, mbili za juma na mbili za mwaka iliyotengenezwa. Nne zilikuwa za karibuni. Ya akiba ilikuwa ya 2014, haijaota upara kwa sababu haijatumika, lakini mpira umepasuka nyufa ndogondogo kama kisigino wakati wa kiangazi. Nikamwonyesha dereva. Hakubisha, akaenda akaja na nyingine. Tukaijaribu jeki, ikanyanyua. Deni la faini za barabarani tuliliangalia kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari: hakuna. (Noah ya Mwalimu niliiangalia baadaye kwa udadisi, ilikuwa na makosa mawili ya 30,000 kila moja, ya zamani kabla yangu. Mtu mwingine na gari la shemeji yake.)

## Dada

Lilibaki moja, na hilo sikuwa na daftari lake.

Dada anauza vitumbua asubuhi, kwa hiyo jioni huwa anaosha mchele wa kuloweka. Nilimkuta uani, mikono ndani ya beseni. Nikakaa kwenye kibao.

"Dada, siku ile kwa trafiki."

"Ya shemeji?"

Alidakia hata sijamaliza. Wiki zote hizo naye alikuwa nayo.

Nikamwambia yote: ufunguo, maneno niliyopewa, bima, yule kijana wa Tandahimba, viti. Nikamwomba radhi kwa kulitumia jina la mume wake kuwa kinga ya barabarani. Alinisikiliza huku anasugua mchele, maji yanazidi kuwa meupe.

"Nilifurahi," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Muda mdogo tu. Uliposema la shemeji yangu, nikajisahau. Nikajiambia, kumbe alinunua. Alikuwa anasema korosho zikikaa vizuri atanunua Noah, atupeleke sote Liwale kwa baba yake. Nikamwona kabisa kakaa hapo mbele." Akamwaga maji, akatia mengine. "Halafu Mama akauliza, nikarudi."

Sikuwa na la kusema. Wiki saba nilikuwa nimebeba kosa nililodhani nalijua umbo lake.

"Ila usiseme tena," akaongeza. "Wakati wa kwenda mtoto hakuwepo. Angekuwepo angeuliza gari liko wapi."

## Alhamisi jioni

Jana tulikwenda ofisini kumalizia malipo, mimi na mpwa wangu, yeye ametoka shule na sare yake. Tunaondoka kesho alfajiri. Yule dada wa mezani akatoa karatasi ya mwisho, orodha ya abiria, majina matatu kila mmoja, kwa ajili ya ofisi na kwa ajili ya bima.

Nikaandika la Mama. La Dada. La binti wa mama mdogo. Langu.

Nilipofika mstari wa tano, kijana akaniomba peni.

Aliandika polepole, ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo, kwa ule mwandiko mkubwa wa darasa la tano. Kwanza jina lake. Halafu la baba yake. Halafu la babu yake anayetusubiri Liwale.